Kwa Nini Baba Yako Hapigi Rangi Nyeusi

Nyakato, Mwanza
Jumapili, saa tisa mchana

Mwanangu Kabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umeniamkia, tumekunywa chai na viazi, ukanicheka kwa kuvaa shati la kanisani juu ya suruali ya gereji. Sasa umekwenda Misungwi kumuaga shangazi yako. Nyumbani nimebaki mimi na begi lako pale sebuleni, nami nimekaa mezani na daftari moja la chuo ambalo hukulimaliza. Leo gereji hapo jirani imefungwa, kompresa ya kupulizia rangi hailii. Sijui kama umewahi kuisikia nyumba yetu ikiwa kimya namna hii. Mimi itabidi niizoee.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako kwenye basi, shangazi yako alikwisha kuyasema na leo atayarudia. Wewe ni muuguzi, mengine unayajua kuliko sisi. Tunduru unakokwenda kesho ni mbali, na kazi ni ya kwanza, sitakujaza maagizo. Nataka kukueleza jambo moja ulilowahi kuniuliza mara nyingi na kila mara nikakujibu uongo. Uliniuliza kwa nini sipigi gari rangi nyeusi. Tena uliniuliza Baba Mdogo Kulwa alikwenda wapi. Maswali hayo mawili yana jibu moja.

Kulwa hakuwa ndugu yangu wa kuzaliwa, hilo unalijua. Tulikutana vijana kwa fundi mmoja kule Igogo, sote wawili tukiwa tumetoka Magu kutafuta maisha. Yeye akajifunza kunyoosha bodi, mimi nikajifunza rangi. Tulipopata uwezo tukafungua hapa Nyakato, kibanda cha mabati na kompresa moja. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Kwa mwaka mzima Kulwa alikuwa akija asubuhi kabla ya kazi, anakuosha uso, anakufunga vifungo vya gauni vibaya vibaya, anakubeba mabegani mpaka gereji. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Nadhani unamkumbuka alivyokuwa akikushika mkono na kuupitisha juu ya mlango wa gari. "Fumba macho, Kabula. Niambie kama kuna shimo." Ulikuwa ukisema, "Hapa!" na kweli palikuwa na kibonyeo ambacho mimi mwenye macho yangu sikukiona.

Nikueleze kidogo habari za rangi, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya.

Gari lililogongwa halirudi kama lilivyotoka kiwandani. Fundi wa bodi hulipiga kwa nyundo upande mmoja, upande wa pili amekinga kipande cha chuma, taratibu, mpaka bati likaribie kunyooka. Palipobaki mawimbi madogo tunapaka puti, ule udongo laini wa kujazia, tunausugua kwa msasa, ndipo inakuja rangi. Sasa rangi hazifanani kwa kuficha. Nyeupe inasamehe sana. Mwanga ukiipiga unatawanyika, jicho halipati pa kushika, mlango wenye mawimbi ukaonekana umenyooka. Silva nayo inaficha, hasa mikwaruzo na vumbi, ila ukipiga mlango mmoja tu, ukiutazama kwa pembeni utauona una rangi tofauti na mwenzake. Nyeusi haifichi kitu. Ikikauka na kung'aa ni kioo. Nguzo ya umeme iliyosimama ng'ambo ya barabara utaiona ndani ya mlango, na kama bati halijanyooka, nguzo ile itapinda.

Kulwa alikuwa akimwagia mlango maji kabla sijaupiga rangi. Anachuchumaa, anaangalia maji yanavyong'aa, anautazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Akiridhika anasema, "Piga hata nyeusi." Hilo lilikuwa neno lake la kujisifu, na hakuwa na jingine.

Ulikuwa darasa la tatu Mama Koku alipokuja. Yule mwanasheria, mwenyeji wa Bukoba, mrefu, anayeongea polepole kama anasoma. Gari lake dogo jeusi liligongwa ubavuni pale Buhongwa, milango miwili imeingia ndani pamoja na ubavu wa nyuma. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na gari hilo ndilo la kumbeba bibi harusi. Kulwa alilizunguka mara mbili, akamwambia ukweli.

"Mama, kwa Jumamosi, tulipige silva au nyeupe. Nyeusi inataka siku nne zaidi ya hizo."

"Kwenye kadi ya gari imeandikwa nyeusi," akasema Mama Koku. "Na mwanangu anataka nyeusi."

Kulwa akainama tena kuutazama ubavu. Mimi ndiye niliyedakia. Mwanamke yule alikuwa anafahamiana na wakubwa wa mji huu, nami niliona magari yao yote yakipanga foleni mlangoni kwetu. Nikasema, "Usihangaike, mama. Nyeusi, na Jumamosi utalipata."

Kulwa alinitazama tu. Akavua shati, akaanza kazi. Siku sita alipiga lile bati, jioni mikono yake ilikuwa haiwezi kushika kikombe. Alhamisi mchana akamwagia milango maji, akachuchumaa, akasema, "Mlango wa mbele upige hata nyeusi. Wa nyuma niachie mpaka kesho asubuhi." Akaenda nyumbani kulala.

Alipoondoka nikabaki nauangalia ule mlango wa mbele, aliosema umekwisha. Nikaona kama kuna kivuli chini ya kitasa. Badala ya kufumba macho na kuushika, kama wewe ulivyokuwa ukifanya ukiwa mtoto, nikachanganya puti nikaibandika, nene. Ilikuwa masika, hewa ya ziwani imejaa unyevu, puti nene kama ile inataka kuachwa ikauke siku kadhaa. Mimi niliisugua jioni ile ile, kesho yake alfajiri nikapiga rangi. Kulwa aliporudi Ijumaa na kumaliza mlango wa nyuma, wa mbele alikuta umeshakuwa mweusi. Sikumwambia kitu. Niliona aibu kidogo kwamba nimegusa kazi yake, na nikajua akikuta nimeigusa atakasirika. Basi nikanyamaza. Kosa lenyewe lilianzia hapo, si kwenye puti.

Jumamosi gari lilitoka linang'aa, Mama Koku akatushika mikono wote wawili. Jumatatu asubuhi akarudi.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Palikuwa na watu kama kumi pale, wateja na mafundi wa jirani. Akatoa picha ya harusi. Binti amesimama kando ya gari na gauni lake jeupe, na ndani ya mlango wa mbele unaiona sura yake yote, ila kiunoni amekatika. Kipande cha juu kimehamia kushoto, cha chini kimevimba kama mtungi. Jua la Jumamosi ile lilikuwa limeikausha puti, ikasinyaa, mlango ukadidimia chini ya kitasa kama bakuli.

Mama Koku akauliza, "Mlango huu alifanya nani?"

Kabula, swali lile lilikuwa fupi. Nilikuwa na nafasi ya kulijibu. Nikasema, "Bodi ni kazi ya Kulwa."

Kulwa alikuwa amesimama karibu yangu, kama kutoka mezani hapa mpaka kwenye begi lako. Akapiga hatua, akafumba macho, akapitisha kiganja chini ya kitasa. Aligonga pale kwa ukucha mara moja. Puti nene ina mlio wake, hailii kama bati. Akafumbua macho, akanitazama. Angeweza kuchukua msasa akaonyesha watu wote pale pale. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwenye ndoo, akaanza kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana, mgongo ameupa ukuta, uso ameuelekeza kwangu. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananisubiri. Alikuwa amenipa muda nirekebishe maneno yangu mwenyewe.

Mimi nilikuwa namwambia Mama Koku, "Tutalirekebisha bure, mama, samahani sana."

Kulwa akajifuta mikono, akakusanya nyundo zake ndani ya gunia. Aliponipita akasema, "Sawa, Baba Kabula." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Siku zote alikuwa akiniita kaka.

Mchana ule niliufungua mlango ule peke yangu. Niliparua rangi, nikaparua puti yote mpaka bati. Na bati lilikuwa limenyooka. Kivuli nilichokiona Alhamisi kilikuwa kivuli tu, cha nguzo ya kibanda. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimeshika msasa. Kwa Kulwa pale Mabatini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho nikajiambia Jumapili. Wiki ya tatu nikaona kwamba sasa hata nikienda nitaanza vipi.

Mama Koku alikuwa mtu wa kusema alichokiona, na alichokiona ni kile nilichomwambia. Watu wakaacha kumpa Kulwa kazi. Alijaribu gereji moja ya Igoma, haikuchukua muda. Baada ya miezi michache yeye na mkewe wakavuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nyumbani kwa wakweze.

Wewe ukawa unauliza. Nikakuambia amepata kazi nzuri huko Ukerewe, ameondoka kwa haraka. Ukaridhika kwa muda, ukauliza tena, nami nikaongeza chumvi: anajenga nyumba, ana gereji kubwa. Nilimjengea nyumba kubwa kwa mdomo wangu, yeye mwenyewe akiwa amepanga chumba.

Ulipomaliza darasa la saba ulitengeneza kadi ya mwaliko. Ulichora gari mbele, jekundu, na ndani ukaandika, "Baba Mdogo, njoo kwenye mahafali yangu, nitakuwekea kiti." Ukanipa niwape watu wa meli wampelekee. Sikuwapa. Niliiweka kwenye kabati la rangi, nyuma ya makopo ya praima, ile rangi ya msingi. Siku ya mahafali ulimwekea kiti kweli, karibu na changu, na kila geti lilipofunguka ulikuwa unageuka. Watu wawili walitaka kukaa pale ukawakatalia. Tulipokuwa tunarudi ukasema, "Baba Mdogo ametusahau."

Nami nikasema, "Watu ndivyo walivyo."

Nimesema uongo mwingi maishani, wa kibiashara na wa kijinga. Huo ndio unaonirudia kila ninapokula peke yangu. Nilikuvunja moyo juu ya mtu aliyekupenda, ili wewe usije ukanivunjia heshima mimi.

Kazini, baada ya Kulwa, nilijaribu mafundi wengine wa bodi. Hawakukaa. Nikaanza kunyoosha mwenyewe, na kwa nyundo mimi si fundi. Milango yangu ina mawimbi mpaka leo. Ndipo nikawa nawashawishi wateja wachukue nyeupe. "Mwanza hii jua kali, nyeupe haishiki joto." "Nyeupe ukitaka kuuza inatoka haraka." Yote ni kweli, ila sababu yangu ilikuwa nyingine. Mteja akikataa nyeupe nampeleka kwenye silva. Akitaka nyeusi namwambia, "Nyeusi sipigi," na nasema kwa sauti nzito, hata watu wakadhani ni msimamo wa fundi aliyebobea. Vijana wa gereji za jirani wakaniita Mzee Maziwa kwa yale magari meupe yaliyojaa uani, na wewe ulilipenda sana jina hilo. Ulikuwa kidato cha pili uliponiuliza, "Kweli, baba, kwa nini hupigi nyeusi?" Nikasema inaniumiza macho. Ukacheka. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda nikajifanya natafuta tina ya kuyeyushia rangi.

Ulipokwenda chuo ndipo nyumba iliponielemea. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Jioni moja nilijikuta nimewasha kompresa bila kazi yoyote, ili tu kuwe na sauti. Jumamosi iliyofuata nikachukua ile kadi yako kabatini, nikapanda meli ya asubuhi kwenda Nansio. Hili hulijui. Ulipiga simu siku ile nikakuambia niko sokoni.

Sikumpata kwenye gereji. Kule magari ni machache. Nilimkuta chini ya kibaraza cha mabati karibu na soko, anagonga majiko ya mkaa. Mikono ile, Kabula. Majiko yale yalikuwa yamenyooka kuliko gari lolote lililo uani kwangu. Ameota mvi, amekonda kidogo. Alisimama, akanipa mkono, akasema, "Karibu." Akanitafutia kiti akakifuta. Akaagiza soda. Akaniuliza habari za safari, za mvua, za bei ya praima. Alinipokea kama mgeni, na mgeni hagombezwi. Nilitamani anitukane.

Nikamwambia. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa, na kwamba nililiona bati limenyooka. Akasikiliza huku ameshika nyundo, haigongi.

"Nilijua," akasema. "Nilisikia mlio wa puti."

"Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa zamu yako kusema."

Nikamwomba msamaha. Akasema ameshasamehe siku nyingi, kwa sababu ya usingizi wake mwenyewe, si kwa ajili yangu. Nikamwomba arudi, gereji ni nusu yake. Akatikisa kichwa. Ndipo nikatoa kadi, nikamweleza kwamba niliificha. Aliisoma. Alipomaliza aliirudia kuanzia mwanzo. Kisha akaikunja kwa uangalifu akaitia mfuko wa shati, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona uso wake umebadilika.

"Huyu mtoto ulimwambia nini kuhusu mimi?"

Nikamwambia.

Akaugusa mfuko wa shati. Halafu akasema, "Mimi na wewe tumemaliza. Lakini hili la Kabula sijamaliza. Kamwambie ukweli. Ukishamwambia, njoo tena, nitakuita kaka. Kabla ya hapo usije."

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Miaka miwili nimekuwa na kazi ya kukuambia maneno machache. Ulikuja likizo tukakaa meza hii hii, nikafungua kinywa, nikakuuliza kama chumvi inatosha. Ulipohitimu nikasema leo, ukafurahi sana, nikaona nisikuharibie siku. Ulipopangiwa Tunduru nikasema bado kuna wiki tatu. Leo imebaki mchana mmoja.

Huko unakokwenda utakosea, maana utakuwa unafanya kazi. Siku hiyo mtu atauliza, "Hili alifanya nani?" na kutakuwa na watu wamesimama, na karibu yako kutakuwa na mtu ambaye ni rahisi kumtaja. Sikufundishi cha kujibu. Nimekueleza mimi nilichojibu, na nilivyoishi baadaye.

Kuhusu Baba Mdogo wako: hakukusahau. Hakuwahi kuipata kadi. Angeipata, kiti kile kingekaliwa, hilo nina hakika nalo kuliko nilivyo na hakika na kitu kingine chochote. Yuko Nansio, sokoni, ukiuliza fundi wa majiko watakuonyesha. Ukitaka kumpigia au kumwandikia, usipitie kwangu.

Na mimi ukinikasirikia, kasirika. Usijilazimishe kunipigia simu ukifika kwa sababu tu nimebaki peke yangu. Upweke huu niliutengeneza mwenyewe kabla wewe hujajua kusoma vizuri, huhusiki nao.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika mbali, Songea au huko mbele, ambako hutaweza kuniuliza kitu. Sasa nasikia geti. Nasikia unamwamkia jirani, naye anakuuliza habari za Misungwi, na wewe unacheka. Ni nafasi ile ile tena, nami nimekaa kitini.

Begi lako sitaligusa. Nitakupa barua hii mkononi, nitavuta kiti kile kingine, na nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize kusoma.

Baba yako